Shamba la Miwa la Mkokotoni: Dhuluma Iliyoandikwa Vizuri

Mkokotoni, mji mdogo wa kaskazini-magharibi ya Unguja unaokabiliana na kisiwa cha Tumbatu na ambao leo ni makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, hutajwa zaidi kwa bandari yake ya majahazi na samaki wake kuliko kwa yaliyopita; na historia yake ikitajwa, huwa ni ile ya kale, ya enzi ambazo habari za Tumbatu zilikuwa zimekwisha kumfikia mwanajiografia Yaqut katika karne ya 13. Sura inayorukwa ni ya miaka ya 1860, wakati Mwingereza mmoja, Kapteni H. A. Fraser, aliyewahi kuwa mwanamaji huko India, alipoanzisha hapo shamba kubwa la miwa na kinu cha sukari chenye mashine zilizoletwa kwa meli, na kulihudumia shamba hilo kwa jasho la mamia ya watumwa.

Jambo hilo halikupaswa kuwezekana, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1843 ilimkataza raia wa nchi hiyo kununua au kuuza binadamu popote alipo, hata katika nchi ambayo utumwa ulikuwa halali, kama ilivyokuwa Zanzibar chini ya Sayyid Majid bin Said. Tena ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Unguja ulikuwa umeonyesha makali yake miaka michache tu kabla, pale Christopher Rigby, aliyekuwa balozi mdogo tangu 1858 hadi 1861, alipowalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa himaya hiyo kuwaacha huru watumwa wao kwa maelfu. Fraser hakununua mtu. Alifunga mkataba na mwenye watumwa, naye akampelekea watumwa hao kama vibarua wa kukodishwa, kwa malipo na kwa muda uliotajwa, hivyo kwamba katika karatasi Mwingereza alikuwa mwajiri tu na dhambi ya kumiliki ilibaki kwa mwingine. Muwa uliokatwa hauvumilii kusubiri, kwani utamu wake hupungua upesi usipokamuliwa, na kwa hiyo kinu cha sukari humtaka mfanyakazi ambaye hana ruhusa ya kusema kuwa amechoka. Mfanyakazi wa namna hiyo ndiye aliyepatikana kwa mkataba ule, bila yeye mwenyewe kuulizwa.

Ni kosa kudhani kwamba dhuluma hiyo ilidumu kwa kuwa ilifichwa. Shamba lilijulikana mjini, bidhaa zake zilipita bandarini, na wakubwa wote waliohusika walikuwa na sababu ya kuridhika: mwenye watumwa alipata ujira bila kulima, mwenye kinu alipata mikono bila kuvunja sheria kwa jina lake, na wenye madaraka waliliona shamba kuwa dalili ya maendeleo ya kisiwa. Makali yaliyomkata mfanyabiashara wa Kihindi yalikuwa butu mbele ya Mwingereza mwenye mtaji, na hapo ndipo kuridhika kunapodhihirika kuwa ni jambo tofauti na kutojua. Lawama ilipofika London na serikali ya huko ikashindwa kuutetea mpango huo, watumwa wa Mkokotoni waliachwa huru kabla ya muongo ule kwisha. Walioulizwa na walioandikiana barua juu ya jambo hilo ni wakubwa; majina ya waliokata miwa hayakuingia katika masimulizi, ilhali jina la Kapteni limo hadi leo.

Desturi hii ya kuimaliza dhuluma katika karatasi kabla haijamalizika shambani ilijirudia katika sheria kubwa zaidi. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliotiwa saini na Sayyid Barghash, uliifunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari pamoja na masoko yake, lakini uliuacha utumwa wenyewe. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897, ya Sultani Hamoud bin Mohammed, iliuondolea utumwa nguvu ya kisheria, ila ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa mzururaji; fidia alilipwa bwana, si mtumwa. Masuria, yaani wanawake watumwa waliowekwa nyumba na mabwana zao, waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Haishangazi kwamba katika miaka kumi ya kwanza waliopata hati za uhuru kwa njia ya mahakama walikuwa takriban 12,000 tu, idadi ndogo ukilinganisha na watumwa waliokuwapo Unguja na Pemba.

Wengi wa waliobaki hawakungoja hati. Waliondoka mashambani, walijadiliana upya na mabwana wa zamani juu ya siku za kazi, au walikwenda mjini na kujenga Ng'ambo, yaani upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Huko mtu aliweza kuwa na nyumba yake, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ilikuwa ya mwingine, ama mali ya wakfu, ambayo ni mali iliyowekwa kwa ajili ya Mungu na manufaa ya watu, ama milki ya tajiri. Hapo mwanzo wenye viwanja wengi hawakudai chochote kwa wajengaji waliokuwa wafuasi wao. Viwanja vilipohamia mikononi mwa wafanyabiashara, kodi ilianza kudaiwa na kupandishwa, hasa katika miaka ya 1920, na anayeshindwa kulipa alipelekwa mahakamani. Kwa mara nyingine karatasi ilikuwa safi: mwenye mali anadai haki yake, hakimu anahukumu.

Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa. Walitumia hoja ambayo sheria ya milki haikuwa na mahali pa kuiweka, kwamba wao ndio walioijenga nyumba na wao ndio walioufanya mtaa kuwa mtaa, na wanawake wenye nyumba walikuwa mstari wa mbele pamoja na wanaume. Wagomaji walipofungwa, umati mkubwa ulikwenda gerezani na kuwatoa. Serikali, ambayo siku zote ilisema haiwezi kuingilia mkataba baina ya mwenye kiwanja na mpangaji, iliona mwaka huohuo kuwa inaweza, ikatunga amri ya kudhibiti kodi za viwanja. Ni mwaka huohuo pia ambapo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia Ng'ambo, alikwenda Mumbai kurekodi sahani za santuri, na katika nyimbo alizoimba na wenzake hukumu za upendeleo hazikusazwa.

Baada ya hapo lilifuata gomo la makuli wa bandari mwaka 1948, lililoenea hadi kuwa la mji mzima, kisha Vita vya Ng'ombe vya tarehe 30 Julai 1951, ambavyo vinahitaji uangalifu zaidi. Wakulima wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao wasichanjwe kwa lazima dhidi ya kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na kuweza kumwambukiza binadamu. Waliokataa waliposhitakiwa na kuhukumiwa, watu walijaribu kuwakomboa, polisi wakafyatua risasi na kuua. Kwa upande wa tiba, serikali ilikuwa na hoja. Lakini serikali hiyohiyo ilikuwa imechukua mashamba ya wakulima hao kwa ajili ya kupanua uwanja wa ndege, na haikuwa na haki ya kutarajia kuaminiwa na watu ambao kuridhia kwao haikuwahi kukuhitaji. Kutokana na vuguvugu la kijiji hicho kilizaliwa chama cha wakulima cha raia wa Sultani, kilichofungua njia ya kuundwa kwa chama cha siasa cha Hizbu mwaka 1955, na haukupita muda mrefu kabla uongozi wa Hizbu haujashikwa na wasomi wa mjini.