Safu ya Lugha: Marina si Bandari

Neno marina, lililotoka katika Kiitalia na Kihispania na ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "-a bahari", hufasiriwa na baadhi ya waandishi kuwa bandari, ilhali bandari, neno lenye asili ya Kiajemi, ni mahali ambapo meli hupakia na kupakua shehena na abiria. Marina ni maegesho ya vyombo vya binafsi, ambayo mwenye chombo huyalipia, na si lazima yawe pwani: Braunston, katikati ya Uingereza, ipo marina mahali inapokutana mifereji ya Oxford na Grand Union, mbali kabisa na bahari. Humo huingia boti nyembamba, yaani boti ndefu zenye upana wa takriban mita 2.1, zilizoundwa zipite katika malango membamba ya maji ya mifereji ya Uingereza, ili zijaze maji na dizeli, zipate umeme wa nchi kavu na kunyonywa majitaka ya choo.

Gati, kwa upande wake, ni jukwaa tu la kufungia chombo, na diko ni mahali pa pwani wanapofikia wavuvi. Aidha, boti ya mferejini haitii nanga, bali hufungwa kwa kamba. Kwa hiyo na isemwe kwamba imefunga gati marinani, na neno bandari liachiwe meli.