Waja Leo, Waondoka Leo?

Watu wa Tanga wana msemo ambao mgeni huupokea hata kabla hajatua begi: waja leo, waondoka leo. Ni utani, lakini ndani yake mna mwaliko. Mimi nilikwenda kwa wiki tatu kufuatilia habari za bandari, nikakaa miezi mitano. Habari yenyewe ilikwisha mapema. Kilichonibakisha ni kunogewa, basi.

Nilinogewa na nini? Na vitu vidogo vidogo. Ngamiani mitaa mingi haina majina ya mashujaa, ina namba tu, kwa hiyo ukipotea unahesabu: barabara ya nane, ya tisa, ya kumi, umefika. Baiskeli zinapita kimyakimya, mtu kapakia mkungu wa ndizi na mtoto juu yake. Jioni unashuka Raskazone kuogelea, ukirudi unakaa barazani, kahawa chungu na kashata, bao linapigwa kwa kelele zaidi kuliko mpira. Hakuna anayekuuliza una haraka ya nini, maana haraka haionekani.

Pale Raskazone ninapoogelea ndipo Waingereza walipoteremsha jeshi lao Novemba 1914, askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika kisichozidi sana 1,000. Walishindwa vibaya. Nyuki waliochokozwa na risasi wakawashambulia, na mpaka leo hadithi ya nyuki ndiyo inayosimuliwa kwanza. Inachekesha, naielewa. Ila inafunika jambo kubwa zaidi: kwa nini mji huu ulistahili kupiganiwa? Ulikuwa na bandari, na reli iliyoanza kujengwa 1893 na kufika Moshi 1911. Na ulikuwa na mkonge.

Mkonge uliletwa mwaka huohuo wa 1893. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, mingi ikafa njiani, na iliyosalia hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakapatikana mashamba yaliyofunika nchi kuanzia pwani hadi Korogwe na mbali zaidi. Mashamba yanataka watu, na watu wa pwani hawakuwa na hamu na kazi ile. Wakaletwa manamba: Waha, Wabena, Wangoni, wengine kutoka Msumbiji na Burundi. Neno lenyewe linajieleza, mtu kupewa namba badala ya jina. Alikuwa na kipande chake, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza sehemu aliyopimiwa haikuhesabiwa. (Namba za manamba na namba za barabara za Ngamiani sisemi zina undugu. Nasema tu kwamba nikishazifikiria pamoja siwezi kuzitenganisha.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Tanga ya wakati huo haikuwa kimya hata kidogo. Kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi ambayo kabla ya hapo iliitwa Young Nyamwezi, na jina hilo la bara kwenye mji wa pwani linakuambia nani alikuwa akicheza dansi Jumamosi usiku. Kulikuwa na Black Star, waliotia gitaa la umeme kwenye taarab, na sauti ya Shakila. Wasomaji wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani jirani na hapa mwaka 1909, hupenda kuifikiria Tanga kama mji wa busara na upole. Ulikuwa pia mji wa mishahara.

Kisha zikaja kamba za plastiki. Bei ikaporomoka katikati ya miaka ya 1960, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na uzalishaji ukaendelea kushuka miaka na miaka. Viwanda navyo vikapungua sauti.

Kwa hiyo utulivu ninaousifia kwa marafiki zangu wa Dar una tarehe ya kuanza. Siku moja nilimwambia mzee mmoja barazani, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine ya kukamua katani, kwamba naupenda mji kwa ukimya wake. Akanywa kahawa yake kwanza. “Mwanangu, wewe unaupenda ukimya kwa sababu mshahara wako unatoka Dar.” Wenzake wakacheka, nami nikacheka, ila maneno yale nililala nayo.

Sijaacha kuupenda. Naona hata si haki kumtaka mtu aone aibu kwa kuogelea jioni. Lakini anayeandika kuhusu miji ya pwani kama mahali pa kupumzikia tu, mji unaopumzika na mji uliopumzishwa kwake ni kitu kimoja, na hapo ndipo tunapogombana.

Sasa bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, mwisho wake umewekwa Chongoleani, kaskazini mwa mji. Barazani ubishi ni mkali. Kuna anayesema samaki watakimbia, kuna anayesema kodi za nyumba zitapaa. Yule mzee wa katani anataka kujua jambo moja tu: vijana wa hapa wataajiriwa kwa majina yao au kwa vipande?