Fahamu uvuvi wa kurambaza kwa vibamba vya kung'aa na sheria zinazomhusu trauti wa ziwa

Na Mwandishi Wetu

Kurambaza ni kuvua kwa kukokota mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda polepole. Katika maziwa ya Marekani na Kanada, njia hii hutumika kumvua trauti wa ziwa, samaki mla samaki mwenye jina la kitaalamu Salvelinus namaycush.

Trauti huyu hupendelea maji ya baridi ya nyuzijoto 10 hivi. Maji ya juu yapatapo joto wakati wa kiangazi, hushuka kwenye vina vya makumi ya mita, ambako mwanga ni hafifu. Chambo kidogo pekee hakionekani kwa urahisi huko, na ndiyo sababu wavuvi hutumia vibamba vya kung'aa.

Vifaa na namna vinavyofanya kazi

Vibamba hivyo ni vipande vya metali vyenye rangi ya fedha, shaba au dhahabu, na havina ndoana. Vipo vya aina tatu: kibamba kimoja kinachoyumba huku na huku, kibamba kinachozunguka mzunguko kamili, na waya mrefu wenye vibamba kadhaa vinavyozunguka kwa mfululizo. Mmeto wake hufanana na wa kundi la samaki wadogo, na mtikisiko wake husikika kwa samaki kupitia mstari wa hisia ulio ubavuni mwake. Trauti husogea kuchunguza, kisha hukutana na chambo bandia chenye ndoana kinachofuata nyuma, kwa kawaida kati ya sentimita 30 na mita 1.

Ili kufikia kina kinachotakiwa, mvuvi hutumia mshipi wenye kiini cha risasi au chubwi kubwa inayoshushwa kwa waya. Mwendo wa chombo huwa kati ya kilomita 2.5 na 4 kwa saa. Ukizidi, vibamba hupoteza mwendo wake wa kawaida. Ukipungua mno, huning'inia bila kumeta.

Samaki mmoja, sheria mbili

Samaki huyu hulindwa katika ziwa moja na huangamizwa katika ziwa jingine.

Katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, trauti wa ziwa ni wa asili. Katika miaka ya 1940 na 1950 idadi yake iliporomoka kutokana na uvuvi uliokithiri na uvamizi wa lamprei wa baharini, kiumbe anayejibandika kwa samaki na kufyonza damu yake. Marekani na Kanada zilianzisha tume ya pamoja ya uvuvi mwaka 1955, na kuanzia mwaka 1958 dawa ya kuua viluwiluwi vya lamprei ilianza kutumika katika mito inayoingia Ziwa Superior. Leo trauti wa ziwa hilo wamerejea kuzaliana wenyewe, nao huvuliwa kwa idadi iliyowekewa kikomo.

Katika Ziwa Yellowstone, lililo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1872, hali ni kinyume. Huko trauti wa ziwa ni mgeni aliyegunduliwa mwaka 1994, naye humla trauti wa asili mwenye alama nyekundu chini ya koo. Trauti wa asili hupanda vijito kutaga mayai na kuwa chakula cha dubu, fisimaji na ndege. Mgeni hutagia ziwani na kukaa kilindini, wasikofika wanyama hao. Hivyo pengo aliloliacha wa asili haliwezi kuzibwa na mgeni.

Kanuni za hifadhi hiyo zinamtaka mvuvi kuwa na kibali, kumuua kila trauti wa ziwa anayemvua humo, na kumrejesha majini akiwa hai trauti wa asili. Ndoana zisiwe na vinyoya, na vifaa vya risasi haviruhusiwi, isipokuwa mshipi wenye kiini cha risasi na chubwi kubwa za kuvulia kilindini, ambazo ndege hawawezi kuzimeza.

Funzo kwa Kanda ya Ziwa

Suala hili si geni kwetu. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Ameleta viwanda na kipato, lakini aina nyingi za furu zimepungua au kutoweka. Samaki akishaenea katika ziwa kubwa, kumwondoa ni kazi ya miongo.

Wananchi wanakumbushwa kuwa Tanzania Bara shughuli za uvuvi zinasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Kabla ya kutupa mshipi, ni vyema kumwona afisa uvuvi wa eneo husika ili kufahamu leseni inayohitajika, zana zinazoruhusiwa na ukubwa wa samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Aidha, hairuhusiwi mtu kujichukulia uamuzi wa kuhamisha samaki hai kutoka ziwa moja kwenda jingine.