Kidonda cha kichwa kimepona, lakini nguvu hazijarudi: tufahamu shida za homoni



Mara nyingi tunamwombea mtu aliyeanguka na pikipiki au aliyepigwa kichwani, na baada ya majuma machache tunamshukuru Mungu kwa sababu kidonda kimefunga na mtu amerudi ibadani. Lakini miezi inapita, na jamaa yake wanaanza kusema kwamba huyu si yule waliyemjua. Anachoka bila kufanya kazi. Baridi inamsumbua wakati wengine wanaona joto. Hamtamani tena mke wake. Au ni mama kijana ambaye hapati tena siku zake. Hapo maneno yanaanza: mmoja anasema ni uvivu, mwingine anasema amerogwa, mwingine anadhani ana mtu nje ya ndoa.

Ipo sababu moja ya mwili ambayo inaweza kuleta haya yote. Inapimika na inatibika, lakini mara nyingi hakuna anayeitafuta.

Tezi ndogo chini ya ubongo

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, iko tezi ndogo kama punje ya haragwe. Inaitwa tezi ya pituitari. Wenzetu waliosoma kwa Kifaransa wanaiita ipofizi. Imekaa ndani ya kishimo cha mfupa, na imeunganishwa na ubongo kwa kikonyo chembamba. Uzito wake haufiki gramu 1, lakini ndiyo inayoamuru tezi nyingine nyingi za mwili kwa njia ya homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Inaamuru tezi ya shingo, inayotupa joto na nguvu. Inaamuru tezi zilizo juu ya figo, zinazotoa kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa na njaa. Inaamuru viungo vya uzazi vya mwanaume na vya mwanamke, pamoja na ukuaji wa mtoto. Sehemu yake ya nyuma hutoa homoni inayozuia figo zisipoteze maji mengi.

Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Kile kikonyo na mishipa midogo ya damu inayopita humo vinaweza kuumia, na tezi ikakosa damu. Kwa nje huoni kitu.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1918, huko Ujerumani, daktari Cyran aliandika habari za mgonjwa ambaye tezi yake iliharibika baada ya mfupa wa chini ya fuvu kuvunjika. Kwa miaka mingi madaktari waliona kwamba ni jambo la nadra. Lakini mwaka 2007 watafiti walikusanya tafiti nyingi, zenye wagonjwa zaidi ya 1,000 kwa jumla, wakakadiria kwamba kati ya walioumia kichwa, karibu 27 katika 100 walibaki na upungufu wa homoni moja au zaidi. Tafiti nyingine zimepata idadi ndogo zaidi, kwa kuwa njia za kupima hazifanani. Hata hivyo, si nadra kama ilivyodhaniwa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu aliyezimia muda mrefu, aliyevunjika fuvu au aliyelazwa akiwa katika hali mbaya.

Dalili za kuangalia

- Uchovu usioisha, kizunguzungu anaposimama, kukosa hamu ya chakula, kukonda.
- Kusikia baridi, ngozi kukauka, choo kuwa kigumu, mawazo kwenda polepole.
- Kwa mwanaume: hamu ya tendo la ndoa kupotea, nguvu za kiume kupungua, ndevu kuota kidogo.
- Kwa mwanamke: siku kukatika bila mimba, au kukosa kupata mimba.
- Kwa mtoto: kuacha kurefuka, au kubalehe kuchelewa ama kuja mapema mno.
- Kiu kali mchana na usiku, na mkojo mweupe kama maji, zaidi ya lita 3 kwa siku. Huu si ugonjwa wa sukari, ingawa dalili hizi zinafanana nao.

Dalili nyingine huonekana siku za kwanza, nyingine baada ya miezi. Wengine hupona wenyewe ndani ya mwaka, wengine hapana. Tena, si kila uchovu baada ya ajali ni homoni: ubongo wenyewe unaweza kuwa umeumia, na huzuni pia huchosha. Ndiyo maana ni lazima kupima.

Kupima na kutibu

Kituo kidogo cha afya kwa kawaida hakiwezi kupima homoni hizi. Omba barua ya kupelekwa hospitali kubwa, na umweleze daktari wazi kwamba mgonjwa aliumia kichwa, hata kama ni mwaka uliopita. Bila neno hilo, hatawaza tezi hii. Ni vizuri kupima kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya ajali, na tena baada ya mwaka 1. Mwenye dalili asingoje.

Kotisoli hupimwa asubuhi. Kwa tezi ya shingo, kipimo cha TSH peke yake kinaweza kudanganya, kwa sababu TSH inatoka katika tezi ileile iliyoumia. Inafaa kupima pia T4.

Homoni inayokosekana hurudishwa kwa dawa. Kama kotisoli na homoni ya tezi ya shingo zote zimepungua, kotisoli hutangulia. Kuanza na dawa ya tezi ya shingo kunaweza kumwangusha mgonjwa. Anayetumia dawa ya kotisoli asiiache ghafula hata siku moja. Akipata homa, daktari huongeza kipimo. Akitapika na kushindwa kumeza, apelekwe hospitali mara moja kudungwa sindano, kwa maana anaweza kufa upesi.

Neno kwa wachungaji na wazee wa kanisa

Tusimwambie mgonjwa wa namna hii afunge chakula na maji. Mwenye upungufu wa kotisoli anaweza kuanguka kwa njaa, na mwenye kiu ile anaweza kukauka ndani ya siku moja. Aombe pamoja nasi akiwa amekula. Tusimwambie pia kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Akiona amepona, daktari apime kwanza.

Wenye ndoa wakija na mashtaka, tuulize mapema: je, mmoja wenu aliwahi kuumia kichwa? Swali hilo linaweza kuokoa nyumba. Nao wamotari wetu tuwahimize kuvaa kaske, wao na abiria wao.

Yule Msamaria hakufunga vidonda tu. Alimpeleka mtu nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Nasi tumrudie ndugu yetu baada ya miezi sita, tumwulize hali yake, na ikibidi tumsindikize hospitali.