Hoteli isiyo na kitanda

Kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: "Hoteli na Bucha". Mgeni aliyeshuka basi na begi lake anaduwaa. Atalala wapi, kando ya lile paja la ng'ombe lililotundikwa? Mwenyeji hashangai. Kwake hoteli ni chai ya maziwa, chapati na maharage. Anayetaka kulala aulizie gesti. Neno hoteli lenyewe lina asili ya Kilatini, hospitale, mahali pa kupokelea wageni, likapitia Kifaransa na Kiingereza. Hospitali ni ndugu yake wa tumbo moja (na huko nako kitanda hupati kirahisi). Wajuzi hutuhimiza tuseme mkahawa. Mchora vibao simlaumu: mkahawa umetokana na kahawa, na pale kahawa haiuzwi.