Njia ya Sanje, na Swali la Nani Aligundua

"Unakwenda kutafuta nini huko juu, mwanangu?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja anayeuza ndizi kijijini Sanje, kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanihesabia ndizi sita na kuongeza moja ya bure, ndipo akauliza. Nikamjibu kwamba nakwenda kuona maporomoko ya maji. Akacheka kidogo.

"Aa, maporomoko. Njia hiyo mimi naijua tangu haijawa na kiingilio."

Sikuwa na la kujibu. Nilitia ndizi begini, nikaaga, nikaenda zangu. Lakini maneno yale yalipanda mlima pamoja nami, na ndiyo yaliyoibadilisha makala hii. Nilikusudia kuandika sifa za mandhari. Badala yake nimejikuta naandika historia ya neno moja: kugundua.

Kwa wasiopafahamu, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iko kusini mwa Mikumi, ikilitazama Bonde la Kilombero. Ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Ukizoea hifadhi za kukaa ndani ya gari na kutoa kichwa juu, hapa utashangaa, maana ndani hamna barabara. Ni miguu yako tu. Msitu unaanzia chini kabisa, mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na mlima unapanda hadi kilele cha Luhombero, mita 2,576. Kuna sehemu ambapo unaweza kutoka bondeni hadi milimani bila kutoka chini ya kivuli cha miti, na katika Afrika Mashariki mahali pa namna hiyo pamebaki pachache sana.

Na msitu huu, ingawa uko bara, ni mtoto wa bahari. Pepo za Bahari ya Hindi huvuka tambarare zikiwa zimebeba unyevu, zikigonga kuta za milima hii zinatua mzigo. Udzungwa ni mmoja katika mnyororo wa milima ya Tao la Mashariki, unaoanzia Taita kule Kenya, ukapita Upare, Usambara na Uluguru. Wataalamu wanaamini kwamba bara lilipokauka zamani za kale, misitu hii haikufa kwa sababu bahari haikuacha kuinywesha. Ndiyo maana ina viumbe wasiopatikana kwingine kokote. Jasho na mvua vinavyokulowesha njiani Sanje, basi, vina historia ndefu kuliko ukoo wowote.

Mwongozaji wangu alikuwa kijana mzaliwa wa upande ule ule wa milima. Alikuwa akiniita kaka, nami nikimwita hivyo hivyo, ingawa kwa kasi yake ya kupanda ningepaswa kumwita kitu kingine. Njia inaanza kwa upole halafu inabadilika. Mizizi inakuwa ngazi. Jua linabaki nje. Juu ya vichwa vyetu hondohondo walipita, na mbawa zao zilitoa sauti kama mtu anayepuliza moto kwa ungo. Tulikuwa tumepumzika kwenye gogo niliponza kula ndizi ya tatu, na yeye akaanza kunisimulia habari za mwaka 1979.

Habari yenyewe nilikuwa nimeisoma, lakini kuisikia mahali ilipotokea ni jambo jingine.

Mwaka huo watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana, msitu huu huu unaoupanda ukienda maporomokoni. Wakasikia mlio ambao haukupaswa kuwepo. Ulikuwa mlio mzito wa kima wa jamii ambayo wataalamu waliijua kwenye misitu ya mbali, huko magharibi na katikati ya Afrika. Kwa upande wetu wa bara, ndugu yake wa karibu aliyejulikana alikuwa kwenye vijisitu vya Mto Tana, nchini Kenya, mamia ya kilomita kutoka hapa. Hapakuwa na kitabu kilichomtaja Udzungwa.

Wakamgeukia mwongozaji wao, mwenyeji. Akawaambia bila wasiwasi: huyo ni n'golaga.

Sasa hebu tulia hapo kidogo, msomaji. Upande mmoja wamesimama watu wenye elimu kubwa, wamepigwa na butwaa. Upande wa pili amesimama mtu anayeshangaa kwa nini wenzake wanashangaa. Baadaye kijijini wakaonyeshwa mtoto yatima wa mnyama huyo, anafugwa na watu. Mwaka 1981 watafiti wale walichapisha taarifa yao, na leo sayansi inamwita mnyama huyo *Cercocebus sanjei*, kwa jina la kijiji. Hayupo mahali pengine duniani ila milima hii. Jina la kijiji limo. Jina la aliyejibu swali halimo.

Ingekuwa habari ya mara moja tungesema ni bahati. Lakini Udzungwa imerudia kisa hiki mpaka mtu unaanza kucheka. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege kwenye sufuria, kambini msituni. Haikuwa miguu ya kuku, wala haikufanana na ya kwale waliyemjua. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ni kwale wa aina ya pekee, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Mwaka 1994 akapewa jina la kisayansi lenye Udzungwa ndani yake. Kumbe ugunduzi huo ulianzia jikoni, na aliyekuwa akikoroga sufuria alikwisha mjua ndege huyo mpaka ladha.

Halafu akaja kipunji. Kuanzia mwaka 2003, kule Rungwe, watafiti walifuata maneno ya Wanyakyusa waliosimulia juu ya kima mwenye haya aitwaye kipunji. Walipompata, kundi jingine la watafiti likamwona mnyama yule yule mwaka 2004 katika msitu wa Ndundulu, humu humu Udzungwa. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa. Safari hii, angalau, jina la wenyeji halikuachwa mlangoni: hata kwenye Kilatini anaitwa kipunji.

Nilimwambia kijana yule: "Kwa hiyo hawa wote hawakugunduliwa. Walitambulishwa tu, kama mgeni anavyotambulishwa harusini kwa watu wa upande wa pili." Akatabasamu, lakini hakukubali moja kwa moja. Akasema, "Ni kweli, kaka. Ila yule kwale alikuwa kwenye sufuria."

Jibu hilo lilinikata maini, maana nilikuwa nimeshaanza kujiandikia kichwani hukumu nyepesi: wenyeji walijua, wageni wakajitwalia sifa, mwisho. Ukweli una pande mbili. Kumjua mnyama si sawa na kumlinda. Kijiji kilimjua n'golaga, lakini hakikujua kwamba hayupo pengine popote, kingejuaje? Hilo lilihitaji mtu aliyesoma misitu mingine. Upande wa kusini, katika msitu ambao haukuingizwa kwenye hifadhi ya taifa, watafiti wameandika jinsi mbega walivyopungua vibaya kwa sababu ya uwindaji, wakati huku Mwanihana mbega wekundu bado wanarukaruka juu ya vichwa vya watalii. Karatasi za watafiti zilisaidia kuzaa hifadhi, na hifadhi imefanya kazi yake. Siwezi kuandika historia ya njia hii nikakificha kifungu hicho.

Ila hifadhi nayo ina historia ya majina. Ilipozinduliwa mwaka 1992, mgeni wa heshima alikuwa Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyekuwa rais wa kwanza wa shirika la WWF. Leo kuna maporomoko karibu na makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, yanayoitwa kwa jina lake. Sina ugomvi na marehemu. Nasema tu kwamba maji yale yalikuwa yakianguka muda mrefu kabla ya mwaka 1992, na watu waliyachota.

Tulifika. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 hivi, kwa hatua, kama mtu anayeteremka ngazi akiwa amebeba mtungi. Unayasikia kabla hujayaona. Halafu hewa inabadilika, inakuwa na ubaridi, na miwani yangu ikaingia ukungu. Kutoka juu unaliona bonde lote limelala: mashamba ya miwa ya Kilombero, barabara, na ukanda wa chini ya milima inakopita reli ya TAZARA. Reli ile iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, pamoja na miwa, ndiyo iliyoleta watu wengi bondeni. Watu wengi maana yake ni mafiga mengi. Na mafiga hayapikii upepo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama wa ndizi.

Baada ya hifadhi kuanzishwa, wanavijiji wa pembezoni waliendelea kuruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafikia mwisho. Sababu za kuikomesha zinaeleweka: msitu una kikomo, na bonde linazidi kujaa. Lakini fikiria njia yenyewe. Kwa miaka na miaka ilikuwa ikikanyagwa na wanawake wenye mizigo kichwani. Walijua mti upi unawaka vizuri na upi unatoa moshi wa kuchoma macho, jani lipi unampa mtoto mwenye homa, na mlio huu ni wa nani. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Yule mwongozaji wa mwaka 1979 hakujibu "n'golaga" kwa kubahatisha. Alijibu kwa sababu alikuwa na miguu iliyozoea msitu, na nyuma yake kulikuwa na miguu mingine mingi.

Nikamwuliza kijana: wewe ulijifunza wapi? Akasema, "Kwa babu. Alikuwa akinichukua nikiwa mdogo. Wadogo zangu nawafundisha mimi, wakinisikiliza. Lakini wao msitu wanauona kwa mbali. Wengine wameingia mara moja tu, na shule."

Mtoto aliyezaliwa Sanje mwaka 2011 sasa ni kijana. Anaishi chini ya msitu unaosomwa ulimwenguni kote, anakunywa maji yake, anaamshwa na milio yake. Mtafiti wa kesho akisikia mlio asioujua, akageuka kumwuliza yeye, atapata jibu gani? Hilo ndilo linalonisumbua kuliko suala la nani aandikwe kwenye kibao. Tunalinda miti na wanyama, jambo jema kabisa. Lakini elimu ya msitu nayo ni kiumbe wa mahali pamoja, kama n'golaga. Ikitoweka Sanje, haipo kwingine. Na haiwezi kukaa kichwani mwa kijana mmoja mwenye vazi la mwongozaji, hata awe hodari namna gani.

Sidai milango ifunguliwe na mapanga yaingie. Nasema kuna njia nyingine za kuwapeleka watoto msituni mara kwa mara, wakiwa na wazee wao, daftari mkononi, kabla wazee hawajaisha. Sisi tunaojiita watu wa fasihi tumekusanya methali, vitendawili na nyimbo za jando. Majina ya miti na milio ya ndege tumewaachia watu wa baiolojia, kana kwamba si lugha.

Nasema hivyo huku nikijua aibu yangu mwenyewe. Jioni nilipofungua daftari langu nilikuta mita, miaka, kilomita za mraba na majina mawili ya Kilatini. Kijana yule alikuwa amenionyesha mti mmoja mkubwa wenye mizizi kama kuta, akanitajia jina lake kwa lugha ya babu yake, halafu kwa Kiswahili. La Kiswahili nililiandika: mvule. Lile la kwanza sikuliandika. Nilikuwa nahema, nikasema nitamwuliza tukishuka. Tuliposhuka nikasahau.

Kibandani kwa mama nilipita tena kununua maji. "Umewaona?" akauliza. Sikujua anauliza maji, mbega au nini. Nikamwambia n'golaga sikumwona, nimemsikia tu, mbali, mara moja.

"Alikuwa upande gani?"

Nikanyoosha mkono. Akatikisa kichwa, akaushika mkono wangu, akausogeza kidogo kushoto.

"Pale," akasema. "Saa hizi hukaa pale."