Maradhi Sugu Mengi, Afya ya Akili na Hatari ya Kujiua: Hali ya Cimpunda, Bukavu

Maradhi sugu mengi ni hali ya mtu mmoja kuishi na magonjwa mawili au zaidi ya muda mrefu, kama vile kisukari, shinikizo la damu, virusi vya UKIMWI (VVU), kifafa au maumivu yasiyokoma. Magonjwa hayo huchocheana: kisukari huongeza mara mbili hadi tatu uwezekano wa kupata kifua kikuu, na wenye kisukari hupatwa na sonona, yaani huzuni nzito ya wiki nyingi inayomnyima mtu usingizi, nguvu na tumaini, takribani mara mbili zaidi ya wasio nacho. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulichunguza maradhi 19 na kukuta 17 kati yake yakihusiana na ongezeko la vifo vya kujiua, na hatari ikawa takribani maradufu kwa waliokuwa na zaidi ya moja.

Cimpunda ni mtaa wa komini ya Kadutu mjini Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliojengwa kwenye miteremko mikali ambako nyumba zimebanana na nyingi hazifikiwi ila kwa vijia vya miguu. Kwa mwenye kidonda cha kisukari unyayoni, au ambaye moyo wake umedhoofika, kushuka hadi barabarani na kupanda tena ni kazi ya nusu siku, naye huirudia kila ugonjwa unapokuwa na siku yake ya kliniki. Dawa za VVU na za kifua kikuu hutolewa bure kwa msaada wa wafadhili kama Mfuko wa Dunia, ilhali za kisukari na za shinikizo la damu, kwa walio wengi, hununuliwa kwa fedha za nyumbani. Ndipo kidonge hukatwa nusu ili kifike mwisho wa mwezi, na ada ya shule ya mtoto ikageuka insulini ya mzazi. Hapo huzaliwa wazo la hatari kuliko maumivu yenyewe: kwamba mgonjwa amekuwa mzigo kwa jamaa zake. Mwanasaikolojia Thomas Joiner, katika nadharia aliyoitoa mwaka 2005, aliliweka wazo hilo, pamoja na upweke, kuwa kiini cha tamaa ya kufa. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 na benki kufungwa, fedha zimeadimika zaidi, na mizigo hiyo imeongezeka.

Baadhi ya dawa nazo hugusa akili. Efavirenzi, iliyotumika miaka mingi dhidi ya VVU, huweza kuleta ndoto za kutisha na mawazo ya kujiua, na sikloserini, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, huweza kusababisha sonona au kuchanganyikiwa. Kwa hiyo mabadiliko ya tabia baada ya kuanza dawa yasihesabiwe haraka kuwa ni mapepo au uchawi.

Bukavu si mji usio na msaada. Kituo cha SOSAME, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, hutibu magonjwa ya akili, na Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, huunganisha tiba ya mwili na msaada wa kisaikolojia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Kivu, eneo lenye mji wa Bukavu, ulionyesha kuwa tiba ya mazungumzo ya vikundi, ikiongozwa na wasaidizi wa kijamii wasio madaktari, iliwapunguzia sana sonona na wasiwasi wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Kinachokosekana ni swali kuhusu sonona kwenye kliniki ya kisukari au ya VVU. Dodoso la maswali tisa hutosha kutambua sonona, na la tisa huuliza waziwazi kuhusu mawazo ya kufa. Kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo hilo, bali mara nyingi humpunguzia uzito wa kulificha.

Anayesema kwamba anataka kufa haachwi peke yake: dawa zake hushikwa na ndugu anayemwamini na kutolewa kidogo kidogo, naye hupelekwa kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Akilazwa kisha akaruhusiwa, wiki za kwanza nyumbani ndizo zenye hatari kubwa zaidi, na ndizo zinazohitaji mtu wa kumtembelea mlimani badala ya kumngojea kliniki.